Pikipiki ya umeme: uzoefu wangu na kijana wa kituo cha Kawempe

"Nani alikutuma Bombo?"

Hivyo ndivyo nilivyoulizwa na kijana wa kituo cha kubadilishia bateri pale Kawempe, Kampala, visikilizio masikioni, macho kwenye simu yake. Mimi mteja, dereva wa boda, ninayelipa kila siku ya Mungu. Bombo ni kwetu, babu zangu wamezikwa huko, sikutumwa na mtu.

Nitasema mazuri ya pikipiki yenyewe kwanza, msije mkasema nina chuki. Kwa kazi za mjini pikipiki hii ni tamu. Haijui oili wala plagi, na hakuna klachi ya kukuvunja mkono kwenye foleni ya Bwaise. Ukisimama kwenye taa, haili kitu. Kutoka Wandegeya kupanda Makerere inakwenda kimya, abiria anaongea na simu bila kupiga kelele. Halafu kuna petroli. Aliyekuwa stegi ya boda Januari 2022 anakumbuka malori ya mafuta yalivyokwama mpakani Malaba na Busia kwa ugomvi wa vipimo vya Covid, lita ikafika shilingi 10,000 na kupita sehemu nyingine, sisi wa Boxer, pikipiki za petroli, tukabaki kutazamana. Siku zile ndipo nilipoanza kuupigia umeme hesabu. Umeme wetu unatoka Nile, haupitii Mombasa kama petroli.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa jioni, wakati wa mvua za mwisho wa mwaka. Nimempakia hajati mmoja wa kwetu na mabeseni yake ya soko la Kikuubo, tunaelekea Bombo, kama kilomita 35 kutoka mjini. Kufika Kawempe kioo kinasoma asilimia 34. Nikaingia kituoni nibadilishe, maana najua mbele hakuna kituo chao kingine. Yule kijana akasema, "Mzee, mfumo unakataa. Rudi ikishuka chini ya ishirini." Nikamwambia nitalipa bei ya bateri nzima, na huo moto wa umeme uliobaki nawaachia bure. "Mfumo unakataa." Nikamuuliza, ikishuka chini ya ishirini nitakuwa wapi, si nitakuwa Matugga? Akarudi kwenye simu yake.

Tukaondoka. Matugga tukaipita vizuri, nikaanza hata kujipa moyo. Kwenye mlima mmoja mbele yake, na uzito wa hajati na mabeseni, kioo kikasema 11, kikasema 6, kikasema sifuri. Kimya. Bateri hizi za lithiamu zina kidude ndani kinachokata moto zikikaribia kuisha, ili seli zisife. Bateri ilikuwa inajiokoa yenyewe, mimi na hajati shauri letu. Boxer ikikuishia unageuza kile kibomba kwenda rizavu, unafika. Na rizavu ikiisha, huku kwetu kuna mtu na chupa ya petroli juu ya stuli kando ya barabara. Moto wa umeme nani anauuza kwenye chupa?

Hajati akashuka matopeni, akatazama ile pikipiki, akaniambia, "Mwanangu, na hii ndiyo ya kisasa?" Akapanda boda nyingine. Nauli sikuthubutu kuitaja.

Kijana mmoja wa Boxer, Mungu ambariki, akanisukuma kwa mguu mpaka nyumbani. Na nyumbani umeme upo! Taa zinawaka, redio inaimba, mimi nimekaa na bateri mapajani siwezi kuichaji, kwa sababu bateri si yangu. Pikipiki nailipia mimi kidogo kidogo, bateri ni ya kampuni, na inakubali chaja za kampuni tu. Asubuhi nikaibeba kwenye taksi kurudi Kawempe, kondakta akanitoza nauli ya mtu mzima kwa ajili yake. Nafika, nimechoka, naeleza yaliyonikuta, ndipo nikaulizwa nani alikutuma Bombo. "Hii ni ya mjini, mzee."

Nikapiga huduma kwa wateja. Bonyeza moja Kiingereza, mbili Luganda. Kiswahili hakuna, na katiba imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Nikabonyeza mbili. Nikapigiwa muziki mpaka salio likaisha.

Hilo tusi la yule kijana ndilo linaloniwasha mpaka leo, kuliko mlima wenyewe. Muuza petroli akinijibu vibaya natoa pikipiki, navuka barabara, naweka kwa mwenzake. Petroli ni ileile. Bateri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile, kwa hiyo yule kijana anaweza kunitukania wazazi na jioni bado nitapanga foleni dirishani kwake. Bwawa la umeme la Karuma limezinduliwa Septemba 2024, megawati 600, tunaambiwa umeme upo wa kumwaga. Sawa. Lakini umeme wa eneo ukikatika, chaja zinalala, boda tumejipanga mpaka barabarani, na yeye ndiye anayechagua nani aanze.

Kwa hiyo msinunue.

Isipokuwa mtu wa mjini kabisa, wa Ntinda, wa Nakawa, ambaye hatoki. Huyo anunue, simdanganyi, mfukoni ataiona tofauti. Hata mimi naiona. Juzi nilikwenda Wobulenzi kutazama Boxer ya shemeji yangu anayeiuza. Akaipiga kiki, ikatoa moshi, ikatetemeka. Nikauliza oili, akasema "kidogo tu inakula." Nikauliza cheni, akacheka. Petroli nayo lita moja inacheza kwenye shilingi 5,000. Bei tumeshaelewana lakini pesa sijampelekea, na kila akinipigia namwambia wiki ijayo.

Anayejua kampuni yenye kituo Matugga na kwenda mbele, ambayo bateri yake unaweza kuichaji nyumbani kwako, aniambie hata leo usiku. Kampuni hii niliyonayo isinitumie tena ujumbe wa kunitaka niipe nyota. Na asije mtu akanishauri nipige huduma kwa wateja.