Bumerangi: kiwiko cha mti au plaiwudi?

Hapa Dodoma nimechonga bumerangi, yaani ubao uliopinda wenye mabawa mawili, unaorushwa ukamrudia mrushaji, kwa njia zote mbili. Wenyeji wa asili wa Australia huchagua kiwiko cha mti, pale nyuzi za mbao zinapofuata kona yenyewe. Mimi nilikata kiwiko cha mkwaju nikakikausha kivulini kwa miezi, maana kikichongwa kibichi hupasuka. Tezo, tupa, mwisho msasa. Kazi ngumu, lakini mkono unaupenda uzito wake.

Plaiwudi ya milimita 6 unaichora na kuikata siku hiyohiyo. Tabaka zake zimepishana, hivyo haivunjiki ovyo. Tena ukichonga, mistari ya tabaka hujitokeza na kukuonyesha kama mabawa yote mawili yamelingana. Juu mviringo, chini bapa.

Anayeanza namshauri plaiwudi, ingawa mkwaju ndio ninaoupenda.