Wameufuta mwanya wa bibi harusi: uzoefu wangu na "wataalamu" wa kuediti meno na macho

Nianze na mwanya, maana hasira yangu yote iko hapo. Bibi harusi ana mwanya. Si pengo, si ugonjwa, ni mwanya, ule ambao huku kwetu mtu akiwa nao husifiwa tangu yuko mdogo. Picha zilikwenda kwa hawa jamaa na oda ya maandishi: ngozi kiasi, meno yapunguzwe njano, macho yaondolewe mishipa mikubwa, basi. Zimerudi, mwanya hakuna. Mama mzazi akaitazama picha kwenye simu, akauliza, "Huyu mmemtoa wapi?"

Jina la huduma silitaji. Ni moja ya hizi za kutuma mafaili jioni, unapokea kesho yake, elfu tatu kwa picha, na ukiongeza kidogo wanakupa faili lenye leya zote, yaani matabaka ya marekebisho yaliyowekwa juu ya picha, kila moja peke yake. Niliongeza. Kwa hiyo ninachosema hapa sikibahatishi, leya zenyewe ninazo.

Kwenye mdomo kulikuwa na leya moja tu ya rangi, ya Hue/Saturation, ile ya kubadili rangi, ukolezo wake na mwangaza. Njano imeshushwa mpaka mwisho, -100, halafu mwangaza wa rangi zote umepandishwa mpaka +40. Maski yake, ile inayoamua leya iguse wapi, imezunguka mdomo wote kwa ukingo mkali: meno, fizi, ncha ya ulimi na giza la nyuma, vyote ndani. Kile kitelezi cha mwangaza hakifanyi kazi kama kuongeza taa. Kinachanganya nyeupe juu ya kila kitu, na penye giza ndipo panapoharibika zaidi. Giza la mwanya kwenye picha hii linasoma 60-25-22 (nyekundu, kijani, bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255), wekundu mzito. Likichanganywa na asilimia 40 ya nyeupe linafika 138-117-115, rangi ya majivu yenye uwaridi. Aliyekuwa anaediti akaona kitu cha kijivu katikati ya meno, akadhani ni uchafu, akachukua stempu ya kunakili akakifunika kwa kipande cha jino la kushoto. Leya ya stempu ipo pale juu, hata jina hakuibadilisha.

Sasa jino la kushoto ni pana kuliko la kulia, na mstari wa kati wa meno umehama, hauko tena chini ya ule mfereji wa juu ya mdomo. Asiyejua kuediti hawezi kukuonyesha kosa, lakini atakwambia huyu si yeye.

Kinachoniuma ni kwamba kazi yenyewe si ngumu. Unaanza na rangi ya picha nzima, kwa sababu nusu ya njano ya meno ya ukumbini ni njano ya taa. Rekebisha hiyo kwanza, utashangaa meno yalivyobaki na kazi ndogo. Kisha leya ya Hue/Saturation, chagua njano peke yake, shusha -30 hadi -45, usipite hapo. Jino lina njano yake ya asili inayotoka ndani, chini ya ganda la nje. Ukiiondoa yote unabaki na jino la bluu-kijivu, jino la maiti. Geuza maski iwe nyeusi, leya ifichike, halafu paka nyeupe kwenye meno kwa brashi laini isiyo na ukingo, upana wake kama theluthi ya jino, wino wa asilimia 10 hadi 15, ukirudiarudia. Acha uzi mwembamba wa pikseli moja au mbili pale jino linapokutana na ufizi. Ukiugusa, unapata ule mstari mweupe unaoonyesha papo hapo kwamba picha imeguswa.

Mwanga unapandishwa kwa leya ya pili, Curves, yenye mstari wa kupandisha na kushusha mwanga: vuta katikati juu kidogo, ncha ya chini, ya giza, usiiguse kabisa. Giza libaki giza. Hapo mwanya haupati shida yoyote, wala zile nafasi nyembamba kati ya jino na jino, ambazo wao wameziyeyusha mpaka safu nzima ikawa vigae vya bafuni.

Halafu kuna chonge. Chonge kwa kawaida zina njano zaidi ya meno ya mbele, na magego yako kwenye kivuli cha shavu. Meno manne ya mbele ya juu yapate dozi kamili, chonge kama theluthi mbili yake, yanayofuata kidogo sana au usiyaguse. Meno ya chini yapate pungufu pia, yanafunikwa na kivuli cha mdomo wa juu. Kwenye picha yangu meno yote, mpaka gego la mwisho linaloonekana, yana mng'ao mmoja. Jino la mbele lenye afya kwenye picha ya mwanga mzuri husoma kama 225-215-200, chonge 205-190-168. Namba tatu zikilingana, au bluu ikipita nyekundu, umezidisha. Kipimo kingine cha haraka: weka juu leya ya muda ya kugeuza picha nyeusi-nyeupe. Meno yakiwa meupe kuliko shela, shusha. Shela ya huyu bibi harusi ni nyeupe pee, na bado meno yameishinda!

Kwa bwana harusi wamefanya jingine. Kakulia upande wa Mlima Meru, na kama wengi waliokunywa maji yenye floraidi nyingi utotoni, meno yake ya mbele yana michirizi ya kahawia. Oda ilisema iachwe, kwa sababu mwenyewe alisema iachwe. Kwa ile njano ya -100 michirizi imegeuka kijivu, na sasa meno yanaonekana yameoza. Ukiombwa kupunguza michirizi ya namna ile, kushusha rangi peke yake hakusaidii. Unashughulika na mchirizi mmoja mmoja, unauinua kwa brashi ndogo na kuurudishia kidogo rangi ya jino lililo jirani. Na unaombwa kwanza, hujichukulii.

Macho, Mungu wangu. Weupe wa jicho si weupe. Ni mpira, una kivuli cha kope la juu, unafifia kuelekea pembeni, na kona ya ndani ina kile kinyama cha waridi ambacho kikipauka mtu anaonekana mgonjwa. Watu weusi wengi tuna pia ukahawia kidogo kuzunguka duara la jicho, ile sehemu yenye rangi, ni rangi ya kawaida ya mwili, si uchafu. Wao wamepiga nyeupe moja kote, kivuli cha kope kimekwenda nacho, na sasa macho yamebandikwa juu ya uso. Ilitakiwa leya tupu, stempu ya asilimia 30 au 40, mishipa miwili mitatu mikubwa iondoke na midogo ibaki. Baada ya hapo wekundu ushushwe -20 hivi, mwanga upandishwe kidogo tu, ukiuacha ukingo wa juu.

Duara lenyewe la jicho huinuliwa upande unaokabili mahali mwanga ulipoingilia. Nuru ya dirisha, ile nukta nyeupe inayong'aa ndani ya jicho, ikiwa imekaa saa nne ya uso wa saa, yaani juu kushoto kwa mtazamaji, unaangaza kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, chini kulia, kwa leya isiyozidi asilimia 20 au 25. Ule mzunguko mweusi wa nje wa duara hauguswi, ndio unaolipa jicho umbo. Hawa wameangaza duara zima, kisha wakabandika nuru ya kununua, ya mraba, saa nane, yaani juu kulia. Dirisha liko kushoto! Pua ina kivuli chake kulia, shingo ina kivuli chake kulia, jicho peke yake lina jua lake.

Nilipowapigia, kijana wa mapokezi akaniambia, "Bosi, sisi tunaediti maharusi kila wiki, wateja wanapenda meno meupe." Nikamwambia habari ya mwanya. Akasema, "Kwani ulitaka aonekane na pengo?" Sikumjibu. Mtu asiyejua tofauti ya mwanya na pengo anashika vipi uso wa mtu?

Lakini haki yao niwape. Ngozi wamefanya vizuri sana, vinyweleo vimebaki, mafuta ya paji la uso yamepungua bila uso kugeuka plastiki. Picha za ukumbi na za makundi hazina kasoro ya maana. Wanawahi. Kwa bei ile nilikuwa tayari kutoa nyota tatu na kuwashauri watu watume kila kitu isipokuwa nyuso za karibu, au waandike kwenye oda kwa herufi kubwa: mwanya usiguswe, mwangaza wa meno usipandishwe kwa Hue/Saturation, chonge zisilingane na meno ya mbele, nuru ya jicho isiongezwe, faili lije na leya.

Nilikuwa tayari, mpaka marekebisho yakafika jana. Mwanya umerudi. Hawakufuta leya ya stempu, kazi ya kubofya mara moja. Wamechora mstari kwa brashi nyeusi juu ya jino lililopanuliwa, 0-0-0, upana mmoja juu mpaka chini, na haupo hata mahali pake, umesogea upande wa kulia. Fizi nayo imechanjwa.

Nyota moja. Nimedai hela ya picha za uso, za ukumbi wabaki nazo, hizo wamezifanyia kazi. Mpaka sasa ujumbe wangu una tiki mbili za bluu, jibu hakuna.