Kipimo cha PSA kwa maabara ndogo: kipi ununue kwanza

Muuzaji wa vitendanishi akipita maabarani kwako hapa Moshi atakutajia bei ya boksi. Wewe hesabu wagonjwa kwanza. Kipimo cha PSA, kile kimeng'enya cha tezi dume kinachoyeyusha shahawa na kinachopimwa kwenye damu kusaka saratani ya tezi hiyo, hakiombwi kila saa. Wiki hii wazee wanane, wiki ijayo wawili.

Kwa hali hiyo, ya kwanza kwangu ni mashine ndogo ya mezani inayosoma kaseti moja moja. Kaseti ina bei, sikatai, ila unafungua ya mgonjwa aliye mbele yako, anapata jibu la namba siku hiyohiyo, na hakuna kinachomwagwa.

Ya pili ni Elisa, kipimo kinachobadili rangi kwenye sahani ya vishimo 96, na hapa ndipo wengi wanapoliwa. Vishimo 96 si wagonjwa 96. Kila unapopima unaweka viwango vya kulinganishia: vikiwa sita, kila kimoja mara mbili, ni vishimo 12. Kontroli (sampuli za kuhakiki kipimo) mbili, mara mbili, vinne. Kumi na sita vimekwenda kabla hujagusa damu ya mtu. Wazee wanane, nao mara mbili mbili, wanafikisha 32. Boksi limekwisha kwa awamu tatu, watu 24. Ukigandisha seramu mpaka watimie 40, boksi lilelile linawatosha wote kwa mkupuo mmoja. Lakini mzee aliyeteremka kutoka Kibosho atakusubiri mwezi? Hii ni ya anayekusanya sampuli za zahanati kadhaa, na mwenye mashine ya kusomea rangi hiyo kwa mwanga wa nanomita 450.

Kimkanda cha haraka kinashika mkia. Kinakuambia tu kama PSA imevuka nanogramu 4 kwa mililita. Kama ni 5 au 60, kimya, na daktari anataka hiyo namba.

Hakikisha kipimo kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na karatasi ya ndani itaje kiwango cha WHO ambacho vipimo vya PSA hulinganishwa nacho: 96/670, au kilichokirithi, 17/100. Damu ileile hutoa namba tofauti kwa vipimo tofauti, hivyo mzee unayemfuatilia usimbadilishie aina njiani.

Halafu baridi: nyuzi 2 hadi 8. Niliwahi kupokea boksi la Elisa stendi, limekuja na basi kutoka Dar, barafu imeshakuwa maji ya uvuguvugu. Muuzaji kwenye simu: "Halina shida, kaka." Grafu ya viwango ikatoka bapa kama meza. Siku hizi nadai kipimajoto ndani ya boksi, na sisaini kabla sijakisoma.