Ncha ya gololi kwenye CNC: miezi minne ya kufinyanga shiti bila kalibu

Nilinunua ncha hii kwa woga. Mashine yangu ya milingi ni CNC, yaani inaongozwa na kompyuta, na iliundwa kuchonga chuma; mimi naifinyangia shiti za alumini bila kalibu: ncha inabonyeza, inazunguka, inashuka kidogo, inazunguka tena mpaka umbo litoke. Kazi moja huchukua saa nzima au zaidi, na muda wote huo shiti inaisukuma ncha kwenda juu. Mzigo wote unaishia kwenye beringi za spindeli, yaani mhimili unaoshika ncha, na zangu zilishaanza kutoa mlio nisioupenda.

Ncha ya zamani ilikuwa nondo ya chuma kigumu iliyosuguliwa mviringo mwishoni. Hii mpya ina gololi ya milimita 10 inayobingirika ndani ya kikombe. Siku ya kwanza tu niliona tofauti: michirizi imepungua, oili haigeuki tope jeusi, na mota za meza hazihangaiki tena kwenye kona. Kwa hilo naisifu bila kusita.

Ila mzigo wa wima haukupungua kama nilivyotarajia, na anayetaka kununua ni haki yake ajue. Gololi inapunguza msuguano, lakini shiti yenyewe bado inakataa kuvutika. Kinachoamua zaidi ni unene. Katika fomula ninayotumia kukadiria, kani ya wima hufuata unene kwa kipeo cha 1.57, kwa hiyo ukitoka milimita 2 hadi 1 inabaki theluthi hivi. Kupunguza kipenyo cha ncha kwa nusu huondoa kama robo. Hatua ya kushuka, ambayo ndiyo nilikuwa nahangaika nayo, ina mchango mdogo: nilitoka milimita 0.5 hadi 0.25, muda ukawa mara mbili, nafuu yenyewe kiduchu.

Usikimbilie shiti nyembamba kupita kiasi, lakini. Ukuta wenye mwinamo wa nyuzi 60 kutoka usawa wa shiti hubaki na nusu ya unene wa mwanzo, na huko ndiko nilikochana bakuli mbili.

Kasoro yake ni kikombe. Chembe za alumini zikiingia, gololi hukwama, na ikikwama inakwaruza vibaya kuliko ile nondo. Sasa naiosha kwa mafuta ya taa kila baada ya kazi, naijaribu kwa kidole kama inazunguka, ndipo naifunga tena. Gololi mbili za akiba nimeshaagiza.