Usimamizi wa uhandisi: mihadhara au visa vya kujadili kikundini?

Kupanga ratiba, kukadiria gharama, kutambua mlolongo wa kazi ambazo moja ikichelewa mradi mzima unachelewa: haya hushikika haraka zaidi kwa mihadhara na mazoezi. Tena unasoma kwa mwendo wako, na mtihani hukuonyesha wazi ulipokosea.

Ila mihadhara haikufundishi kubishana. Chukua kisa cha Challenger, chombo cha anga cha Marekani, 1986. Usiku wa kuamkia safari, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kukirushia, walionya kwamba baridi ingedhoofisha mipira ya kuziba maungio ya roketi. Mameneja wao wakaidhinisha chombo kirushwe. Wanaanga wote 7 wakafa. Mkigawana nafasi kikundini, huyu mhandisi, yule meneja, ndipo unapohisi jinsi ilivyo vigumu kusema hapana mbele ya wakubwa. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha kazi hii.

Kikundi hula muda, na wenzako wakija hawajasoma kisa, mjadala unalegea.

Kama hujawahi kushika bajeti ya mradi, anza na mihadhara. Kama tayari unaongoza mafundi na kinachokusumbua ni watu, tafuta kikundi kwanza. Hesabu utazijazia njiani.