Begi la dharura la kununua tayari: nimelijaribu gizani na hivi ndo nilivyokuta

Hili begi nililinunua miezi minne iliyopita, lile jekundu ambalo linakuja na kila kitu ndani, tochi ya kichwani, redio ya kuzungusha mkono, pawabenki, chujio la maji, blanketi za foili, turniketi (mkanda wa kukaza mkono au mguu kuzuia damu), filimbi, chuma cha kuwashia moto na kiboksi cha huduma ya kwanza. Likafika limefungwa vizuri nikaliweka juu ya kabati, nikaona familia yangu sasa iko salama. Afu siku moja nikajiuliza hivi zipu yake nimeshawahi kuifungua? Sijawahi. Iliniuma kwa kweli, maana watoto wananitegemea mimi na mimi nategemea begi ambalo sijui hata kama tochi yake inawaka.

Basi Jumamosi nikawaambia wote nyumbani saa mbili usiku nazima swichi kubwa, mpaka saa sita hakuna kuwasha kitu, tunatumia kilichomo kwenye begi tu. Masaa manne yanatosha, na friji usipoifungua inahimili kama masaa manne bila umeme kwahiyo hakuna chakula kilichoharibika.

Tochi ndo kitu cha kwanza unachotafuta gizani na wao wameiweka chini kabisa. Nimepapasa, nimetoa blanketi, nimetoa bendeji, nikaipata, nabonyeza haiwaki. Kumbe kuna kile kiplastiki wanachoweka kati ya betri na mguso wake ili isiishe chaji dukani, unatakiwa ukivute. Nikakivuta kikakatikia ndani. Binti yangu akanimulikia na simu, nikahangaika na kibano cha kwenye huduma ya kwanza mpaka kipande kikatoka, dakika kumi na moja nzima na hapo tumekaa zetu kwenye kochi hatuna haraka, sasa fikiria kuna moshi ndani au mtu anavuja damu. Ilipowaka lakini ni tochi nzuri, sina ubaya nayo. Ila masaa yaliyoandikwa kwenye boksi yasikudanganye. Ukiona alama ya ANSI FL1, yani kile kiwango cha kupimia tochi, jua mwanga umepimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na masaa yamehesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo, yani sehemu kubwa ya hayo masaa unakua na mwanga hafifu tu. Na betri za alkalaini usiziache ndani miaka na miaka, zinavuja na kuozesha miguso, ziweke pembeni kwenye mfuko palepale karibu na tochi.

Redio nimezungusha, stesheni imeshika vizuri tu, afu mkono wake ukapasuka pale kwenye skrubu. Hata dakika tatu hazijafika. Hiyo nimeitupa.

Pawabenki niliipima siku nyingine kwa utulivu. Imeandikwa mAh 20,000 na simu yangu ina betri ya 5,000 kwahiyo ukigawanya unasema mara nne. Mi imejaza mara mbili, ya tatu ikaishia asilimia 64. Hapo muuzaji sijamlaumu maana hesabu yenyewe ndo iko hivyo, ile 20,000 ni ya volti 3.7 za seli za ndani wakati inatoa kwa volti 5, na nyingine inapotea kama joto. Ila ujue kabla, usipange mipango ya siku nne na chaji ya siku mbili na nusu.

Chujio la maji nimelipenda. Matundu yake ni ya mikroni 0.1, hilo linazuia bakteria na vijidudu kama giardia lakini virusi ni vidogo zaidi vinapita, kwahiyo maji ya mafuriko au yaliyoingiliwa na choo bado unachemsha, yakishatokota sawasawa acha dakika 1, na kama uko juu ya mita 2,000 acha dakika 3. Na chujio likishalowa usiache ligande kwa baridi, nyuzi za ndani zinapasuka na kwa macho huoni tofauti yoyote.

Chuma cha moto kina rangi nyeusi juu, bila kuikwangua kwanza hakitoi cheche. Blanketi zinatunza joto ila zinapiga kelele mno, mtoto wangu mdogo hakupata usingizi. Glovu zimechanika wakati wa kuvaa.

Sasa turniketi, na hapa naomba usome taratibu. Nimeivaa pajani mwangu mwenyewe nikaanza kukaza, mzunguko wa kwanza sawa, wa pili kile kijiti cha plastiki cha kuzungusha ili mkanda ukaze kikapinda, nikasikia ka! kikakatika mkononi. Hicho kitu kazi yake ni moja tu, kumzuia mtu asife kwa kuvuja damu, na kimeshindwa hata kukaza paja zima lisilo na jeraha. Nilikaa kimya muda mrefu nimekishika, mke wangu akaniuliza vipi, nikashindwa kumjibu. Nimenunua mbili za kampuni inayojulikana, kwa muuzaji ambaye kampuni yenyewe inamtambua, moja ya mazoezi na nyingine haiguswi, maana iliyokazwa mara nyingi inachoka. Unaivaa sentimita 5 mpaka 7 kutoka kwenye jeraha, upande wa kuelekea kiwiliwili, sio kwenye goti wala kiwiko, unakaza mpaka damu isimame hata kama mtu analia, afu unaandika saa uliyofunga. Na tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza ushike kwa mikono yako, kusoma tu haitoshi.

Kwahiyo nilichobakiza ni tochi, chujio, pawabenki, blanketi na filimbi. Tochi sasa inaning'inia nje ya begi kwa kamba, begi liko chini mlangoni, na mdogo anajua kupuliza filimbi mara tatu maana yake nisaidieni. Begi zima ni nyota mbili kati ya tano.

Muuzaji nimemtumia picha za kile kijiti, kimya mpaka leo. Kama unalo begi la hivyo, na turniketi yake ina kijiti cheusi cha plastiki chembamba kuliko kidole chako cha mwisho, itoe humo leo hii kabla hujalala.