Hesabu za halmashauri za wenyeji wa asili wa Kanada: mishahara inaonekana, ardhi haionekani

Serikali ya shirikisho ya Kanada inaendesha huduma ya mtandaoni iitwayo First Nation Profiles, ambamo mtu yeyote, bila kujisajili wala kulipa senti, anaweza kufungua hesabu zilizokaguliwa za halmashauri za wenyeji wa asili, ambazo kwa jumla ni zaidi ya 600. Nimeisoma kwa jicho la mtu aliyezoea ripoti za ukaguzi wa halmashauri zetu, na naiona ni huduma ya kutegemewa kwa anayetaka kujua chifu na madiwani wake wanalipwa kiasi gani. Kwa anayeuliza ardhi yao iko wapi na fedha zilizotokana nayo zimefikia wapi, msaada wake ni mdogo sana.

Msingi wake ni sheria ya uwazi wa fedha iliyopitishwa mwaka 2013. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 31 Machi, na halmashauri hupewa siku 120, yaani hadi mwishoni mwa Julai, kutoa nyaraka mbili: hesabu jumuishi zilizokaguliwa, pamoja na jedwali la malipo ya viongozi. Nyaraka hizo zinatakiwa kuwekwa pia katika tovuti ya halmashauri yenyewe na kubaki humo kwa muda usiopungua miaka 10. Kutafuta ni rahisi, kwa jina la jamii au kwa namba yake, kisha unachagua mwaka. Lugha ni Kiingereza na Kifaransa tu, jambo ambalo kwa huduma inayowahusu wasemaji wa Kikrii na Kiblackfoot halipendezi, ingawa halishangazi.

Jedwali la malipo ndilo lililotengenezwa vizuri kuliko vyote. Kila kiongozi ana mstari wake wenye jina, cheo, idadi ya miezi aliyokaa madarakani katika mwaka huo, malipo, na gharama alizorudishiwa. Safu ya miezi ni ndogo lakini ina maana kubwa, kwa sababu diwani aliyeingia katikati ya mwaka hawezi kulinganishwa na aliyemaliza miezi 12, na bila safu hiyo umbea ungetangulia hesabu. Msomaji aliyekulia katika ranchi za vikundi za Kajiado, ambako wanachama wengi hawakuwahi kuona hata karatasi moja ya mapato, ataelewa kwa nini nalisifu.

Tatizo linaanza ukifungua mizania, yaani ukurasa wa mali na madeni. Maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya jamii hizi kisheria yanashikiliwa na mamlaka ya kifalme ya Kanada kwa manufaa yao, na kwa kanuni za uhasibu wa umma hayaandikwi kama mali ya halmashauri. Dai la ardhi ambalo halijamalizika nalo haliingizwi katika mali, hata liwe na uzito gani. Likitajwa, linatajwa katika maelezo ya nyuma, ambayo wasomaji wengi hawafiki. Chukua jamii ya Siksika, mashariki mwa jiji la Calgary, jimboni Alberta. Mwaka 1910 ilinyang'anywa ekari zipatazo 115,000, karibu nusu ya eneo lililobaki mikononi mwake baada ya Mkataba wa 7, uliotiwa saini na serikali mwaka 1877, na suluhu ya dola za Kanada bilioni 1.3 ilitiwa saini Juni 2022. Kwa zaidi ya miaka 100 deni kubwa kuliko yote ambayo jamii hiyo ilikuwa ikidai halikuwa na mahali pa kukaa katika mizania ya namna hii. Kwa hiyo mtu anayesoma jumla peke yake anaweza kuiona halmashauri kuwa fukara inayoishi kwa ruzuku, kumbe mdaiwa wake mkubwa, serikali ya shirikisho, ndiye huyo huyo anayeitolea ruzuku na kuidai taarifa.

Ushauri wangu ni kuanzia kwenye maelezo ya fedha za amana zilizoko Ottawa, makao makuu ya serikali ya shirikisho. Hapo utakuta mafungu mawili, la mtaji na la mapato. Fungu la mtaji linatokana na mauzo ya ardhi na mali nyingine za kudumu za jamii, na fedha hizo hushikwa na serikali kuu, si na wenyewe. Nusu ukurasa huo unafundisha historia kuliko kurasa zote za matumizi, na ungestahili kuwekwa mbele.

Sheria yenyewe imegombaniwa. Desemba 2015 Carolyn Bennett, aliyekuwa waziri wa masuala ya wenyeji wa asili, alisimamisha hatua za kuzibana halmashauri zilizokataa kuchapisha, na fedha zilizozuiwa zikarudishwa. Hoja ya halmashauri hizo, kwamba wanaowajibika kwao ni wanachama wao na si umma mzima wa Kanada, naiona ina nguvu. Hata hivyo mwaka 2017 mahakama ya Saskatchewan iliiamuru Onion Lake, jamii ya Wakrii, kutoa hesabu zake kwa maombi ya mwanachama wake mwenyewe, kwa hiyo si haki kusema uwazi huu ni kiu ya wageni tu.

Anayetafuta hesabu za Wanisga'a, jamii nyingine ya wenyeji katika jimbo la British Columbia, asizitafute humu. Mkataba wao, ulioanza kutumika tarehe 11 Mei 2000 na kuwarudishia takriban kilomita za mraba 2,000, uliwapa serikali yao wenyewe, na sheria ya 2013 haizihusu jamii zenye makubaliano kamili ya kujitawala. Serikali yao ya Lisims inabanwa na katiba yao, inayotaka usimamizi wa fedha ulingane na viwango vya serikali nyingine za Kanada, na taarifa zake hutolewa kwao kwanza.